Shahada pacha ya uhandisi na sayansi: hesabu ya masomo 40

Mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Nairobi hukaa darasani miaka 5 na kutoka na shahada moja. Mwenzake aliyekwenda Sydney hukaa miaka hiyo hiyo 5 na kurudi na vyeti viwili, cha uhandisi na cha sayansi. Mawakala wa vyuo vya nje wanaupenda sana mlinganisho huu, na mzazi anayelipa ada akiusikia huona amepata mbili kwa bei ya moja. Hajapata. Shahada ya pili ina bei yake, na bei hiyo hailipwi kwa fedha peke yake. Sehemu kubwa hulipwa kwa masomo ya hiari ambayo mwanafunzi anayaachia katika shahada zote mbili, mara nyingi bila kujua kwamba ameyaachia. Anayelijua hilo mapema huchagua vizuri na kupanga vizuri. Asiyelijua hufika mwaka wa tatu akakuta ratiba haina nafasi ya kujikwaa, na mwaka wa tano wake ukawa wa sita.

Nazungumzia Australia kwa sababu huko shahada pacha ni jambo la kawaida kabisa, na vijana wa Kenya na Tanzania wanaokwenda kusoma uhandisi huwekewa chaguo hili mezani tangu siku ya kujaza fomu. Kanuni za kupanga, hata hivyo, zitamfaa yeyote anayesoma programu mbili kwa wakati mmoja mahali popote.

Tuanze na hesabu yenyewe. Katika vyuo vya University of Sydney, University of New South Wales (UNSW) na Monash, mwaka wa masomo una krediti 48 na somo la kawaida lina krediti 6, yaani masomo 8 kwa mwaka. Shahada ya uhandisi ya miaka 4 ina krediti 192, sawa na masomo 32. Shahada ya sayansi ya miaka 3 ina krediti 144, masomo 24. Ukizisoma moja baada ya nyingine utamaliza masomo 56 kwa miaka 7. Shahada pacha ina krediti 240, masomo 40. Masomo 16 yamekwenda wapi?

Chukua uhandisi wa umeme ukiunganishwa na fizikia. Kila chuo kina mgawanyo wake, lakini umbo lake hufanana na hili. Uhandisi peke yake: hisabati 4, fizikia ya mwaka wa kwanza 2, kuandika programu 1, masomo ya msingi ya umeme 17, mradi wa mwaka wa mwisho unaochukua nafasi 2, hiari za ndani ya uhandisi 4, na hiari huria 2. Jumla 32. Fizikia peke yake: fizikia ya mwaka wa kwanza 2, hisabati 4, fizikia ya miaka ya juu 8, na nafasi huria 10 ambazo wengine huzitumia kusomea fani ndogo ya pembeni, lugha, historia ya sayansi au chochote kile. Jumla 24.

Sasa ziunganishe. Hisabati 4 na fizikia 2 za mwanzo zipo pande zote mbili, kwa hiyo masomo 6 kati ya yale 16 yamepungua kihalali, hukupoteza kitu. Tumebaki na 50. Ili tufike 40 lazima 10 yaondoke, na yanayoondoka ni hiari huria 2 za uhandisi na nafasi huria 8 kati ya 10 za sayansi. Hapo ndipo bei ilipofichwa. Mwenye shahada ya sayansi peke yake alikuwa na uhuru wa kuonja mambo 10. Wewe umebaki na 2.

Litazame na upande wa pili. Aliyesoma uhandisi peke yake anaondoka baada ya miaka 4 akiwa na masomo 32. Wewe una 40 na umeachia hiari 2, kwa hiyo unachopata zaidi yake ni masomo 10: fizikia 8 za miaka ya juu na 2 ya kujichagulia. Ndiyo bidhaa ya mwaka wa tano. Ndani ya mwaka huo kuna ada ya masomo 8 kwa kiwango cha mwanafunzi wa kigeni, na gharama za kuishi ambazo serikali ya Australia, tangu Mei 2024, inataka mwombaji wa viza ya mwanafunzi aonyeshe kuwa ana dola za Australia 29,710 kwa mwaka ili kuzimudu. Swali la kujiuliza ni moja: je, masomo hayo 10 ungeyatafuta hata kama mwishoni hakuna cheti cha pili? Jibu likiwa ndiyo, shahada pacha ni njia nzuri sana. Likiwa hapana, unanunua karatasi.

Hapa wengi huchanganya jambo jingine. Wanasikia kwamba somo moja linaweza kutimiza masharti ya shahada zote mbili, wakadhani kila somo la namna hiyo linapunguza jumla. Halipunguzi. Jumla inabaki krediti 240. Somo linaloingia pande zote mbili hukuachia nafasi moja ndani ya zile 40, na nafasi hiyo ni lazima uijaze. Kwa hiyo masomo ya pamoja yakiwa mengi hayakupi kumaliza mapema, yanakupa uhuru zaidi ndani ya miaka ile ile 5.

Kutoka hapo ndipo uchaguzi wa jozi unapoeleweka. Wanafunzi wengi huchagua sayansi iliyo karibu mno na uhandisi wao kwa kuona itakuwa rahisi. Uhandisi wa programu pamoja na sayansi ya kompyuta ni mfano mbaya kuliko yote: masomo yanaingiliana kiasi kwamba cheti cha pili kinarudia maneno ya cha kwanza. Mwajiri anayesoma wasifu wako haoni kitu kipya.

Jozi zenye faida ni zile ambazo sayansi inaingia mahali ambapo uhandisi wenyewe hauendi. Uhandisi wa kemikali na kemia ni jozi ya siku nyingi, na ina mantiki: mhandisi wa kemikali husomeshwa jinsi ya kuendesha kinu kikubwa cha kemikali, lakini kemia ya oganiki inayotokea ndani yake huipitia haraka. Ubaya wake ni maabara. Kemia ya miaka ya juu ina vipindi vya maabara vya saa 3 hadi 4 kila kimoja, na vikigongana na maabara za uhandisi hakuna ujanja. Uhandisi wa ujenzi na jiolojia humfaa anayetaka misingi ya majengo, mabwawa au mahandaki, maana udongo na miamba ndivyo vinavyoangusha miradi. Lakini jiolojia ina safari za uwandani, na safari hizo hupangwa wakati wa mapumziko, ule ule ambao uhandisi unautaka kwa mafunzo kazini. Uhandisi wa vifaatiba na fiziolojia ni jozi nzuri vilevile, ingawa masomo ya pamoja ni machache na ratiba inakuwa imejaa hadi ukingoni.

Jozi ambayo naona inadharauliwa bila sababu ni uhandisi wowote pamoja na hisabati au takwimu. Aliyetoka kidato cha sita na tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) tayari ana msingi wake. Hisabati haina maabara, kwa hiyo migongano ya ratiba ni michache. Masomo 4 ya mwanzo yanaingia pande zote mbili. Na takwimu au utafutaji wa suluhisho bora humpeleka mhandisi kwenye mitandao ya umeme, usafirishaji, bima na benki, sehemu ambazo zinaajiri Dar es Salaam na Nairobi kama zinavyoajiri Melbourne.

Kabla ya kuendelea na mpango, niseme neno juu ya njia mbadala, kwa kuwa mawakala hawaitaji mara nyingi. University of Melbourne ilibadilisha mfumo wake mwaka 2008. Pale husomi shahada ya kwanza ya uhandisi. Unasoma sayansi miaka 3 ukiwa umechagua fani inayoelekea uhandisi, kisha shahada ya uzamili ya uhandisi miaka 2. Jumla ni 5 vilevile. Tofauti iko katika ngazi. Katika mfumo wa sifa za elimu wa Australia, shahada ya sayansi ya miaka 3 iko ngazi ya 7, shahada ya uhandisi ya miaka 4 yenye Honours (heshima) iko ngazi ya 8, na uzamili uko ngazi ya 9. Kwa hiyo shahada pacha inakupa 8 na 7, na njia ya Melbourne inakupa 7 na 9. Anayetaka kurudi nyumbani kufundisha chuo kikuu, ambako bila uzamili atabaki mkufunzi msaidizi, ana sababu ya kweli ya kuipendelea ya pili. Anayetaka kuendelea moja kwa moja na uzamivu huko huko Australia hana shida na ya kwanza, kwa sababu Honours ya daraja la kwanza ndiyo njia iliyozoeleka ya kuingilia uzamivu bila kupitia uzamili.

Sasa tupange. Kosa la kwanza ni kuanza kupanga kutoka muhula wa kwanza kwenda mbele. Muhula wa kwanza hujipanga wenyewe. Karibu kila mtu anasoma hisabati, fizikia, programu na utangulizi wa uhandisi. Ugumu uko mwishoni, na mpango unaoanzia mwanzo huufikia mwisho ukiwa umeshafunga milango.

Chukua kitabu cha masharti cha mwaka unaojiandikisha, kwa sababu ndicho kitakachokuhukumu hadi mwisho hata kama chuo kitabadilisha masharti baadaye. Fungua jedwali la kompyuta. Kila somo la lazima lipe mstari wake, na kwenye mstari huo andika mambo matatu: masomo yanayotakiwa kulitangulia, mihula linapofundishwa, na shahada ipi inalidai. Yanayofundishwa mara moja tu kwa mwaka yapake rangi nyekundu. Hayo ndiyo yatakayoamua maisha yako.

Kisha anza na mradi wa mwaka wa mwisho na urudi nyuma. Mradi unadai nini? Rudi hatua moja. Lile linalodaiwa linadai nini? Endelea hadi ufike kwenye somo lisilodai kitu. Katika mfano wetu wa umeme, mnyororo mrefu unakwenda hivi: hisabati ya kwanza muhula wa 1, hisabati ya pili muhula wa 2, milinganyo tofautishi na kalkulasi ya vekta muhula wa 3, ishara na mifumo muhula wa 4, udhibiti wa mifumo muhula wa 5, somo la usanifu muhula wa 6, halafu mradi kwa mihula miwili mfululizo. Ni mihula 8. Miaka 5 ina mihula 10. Ulegevu wako wote, yaani muda wa ziada wa kujikwaa, ni mihula 2, sawa kabisa na gharama ya kufeli mara moja somo linalofundishwa mara moja kwa mwaka.

Ulegevu huo upo tu ikiwa mnyororo mrefu haujasimama hata muhula mmoja. Mwanafunzi anayesema, "Mwaka wa pili nitafanya fizikia peke yake, uhandisi niurudie wa tatu," ameutumia ulegevu wote kabla hajafeli chochote. Tena hisabati ikilala mwaka mzima inasahaulika, na ishara na mifumo ni somo lisilomhurumia aliyesahau kalkulasi. Kanuni ni hii: mnyororo mrefu unakwenda kila muhula, na sayansi inajaza nafasi zinazobaki.

Kwa mfano wetu, muhula wa 1 utakuwa na hisabati, fizikia, programu na uhandisi 1. Wa 2: hisabati, fizikia, uhandisi 2. Wa 3 na wa 4, kila mmoja: hisabati 1, uhandisi 2, fizikia ya juu 1. Wa 5 na wa 6, kila mmoja: uhandisi 3 na fizikia ya juu 1. Hapo umetumia nafasi 24: hisabati zote 4, fizikia za mwanzo 2, programu 1, uhandisi wa msingi 13 na fizikia za juu 4. Kwa mihula 4 iliyobaki una nafasi 16: uhandisi wa msingi 4, fizikia za juu 4, mradi 2, hiari za uhandisi 4, na zile 2 za kujichagulia. Zinatosha bila kubaki.

Mradi wenyewe upange muhula wa 9 na wa 10, ingawa mnyororo unaruhusu kuuanza muhula wa 7. Usiuwahi. Ukiufikia mlango wake mwisho wa muhula wa 6 na ukaingia muhula wa 9, huo ndio ulegevu wako umeuweka mahali unapofaa. Tuseme umefeli ishara na mifumo muhula wa 4, nalo linafundishwa muhula wa pili wa mwaka tu. Utalirudia muhula wa 6. Udhibiti unahamia wa 7, usanifu wa 8, mradi wa 9 unaanza kama ulivyopangwa. Nafasi zilizoachwa wazi muhula wa 5 unazijaza kwa fizikia au hiari ulizokuwa umeziweka baadaye. Linabaki deni la somo moja tu, kwa kuwa nafasi 40 hazina ziada, nalo utalilipa kiangazi. Ukifeli mara mbili katika mnyororo huo huo, mwaka wa sita hauepukiki. Faida nyingine ya kuuchelewesha mradi ni kwamba unauingia ukiwa umeshasoma fizikia ya kwanta na fizikia ya mango, na unaweza kuchagua mada ya nusukipitishi au vihisio ambayo mhandisi wa kawaida asingeigusa.

Si kufeli kote kunagharimu sawa, na ni vizuri kulijua hili kabla ya mitihani na si baada yake. Hisabati ya kwanza katika vyuo vikubwa hufundishwa karibu kila muhula, mara nyingine hata kiangazi. Ukiifeli unapoteza miezi. Somo jekundu la mwaka wa pili likikuangusha unapoteza mwaka. Wakati wa mtihani, saa zako za kusoma zinapokuwa hazitoshi kwa masomo yote, zielekeze kwenye jekundu.

Katika UNSW jedwali lazima lichorwe upya, kwa kuwa tangu 2019 chuo hicho kinakwenda kwa mihula 3 kwa mwaka, yenye wiki 10 za kufundisha kila mmoja, na mwanafunzi huchukua masomo 3, 3 na 2. Mnyororo unaweza kukimbia haraka zaidi. Lakini wiki 10 ni chache sana, na aliyechelewa wiki mbili za mwanzo amekosa sehemu ya tano ya somo.

Kinachoharibu mipango mingi hata kama mwanafunzi hafeli ni ratiba. Kitivo cha uhandisi hupanga vipindi vya mwaka wa tatu wa umeme visigongane vyenyewe kwa vyenyewe. Kitivo cha sayansi hufanya hivyo kwa fizikia ya mwaka wa pili. Hakuna anayehakikisha kwamba umeme wa mwaka wa tatu haugongani na fizikia ya mwaka wa pili, na huo ndio mchanganyiko ambao mwanafunzi wa shahada pacha anauishi. Mihadhara siku hizi hurekodiwa, kwa hiyo mgongano wa mihadhara unavumilika. Mgongano wa maabara mbili hauvumiliki. Dawa yake ni kuchukua ratiba ya mwaka uliopita, ambayo kwa kawaida haibadiliki sana, na kuweka maabara zote kwenye wiki moja kabla ya kukubali mpango. Zikigongana, hamisha fizikia na uuache mnyororo mrefu ulipo.

Kuna pia masomo yanayokatazana. Vyuo vingi vina fizikia ya wahandisi na fizikia ya wanafizikia, hisabati ya wahandisi na hisabati ya wanahisabati, hata takwimu za aina mbili. Ukisoma moja huruhusiwi kupata krediti za nyingine, lakini shahada ya pili inaweza kuikataa uliyosoma. Chagua tangu mwanzo ile ngumu zaidi inayokubalika pande zote mbili. Ukifika mwaka wa tatu ndipo ujue kwamba hisabati yako ya pili haifungui mlango wa kwanta, umechelewa.

Na idhini zote zipate kwa maandishi. Una vitivo viwili, washauri wawili, na kila mmoja anajua upande wake tu. Mshauri wa uhandisi akikuambia kwa mdomo kwamba somo fulani la fizikia litakubaliwa badala ya la kwao, mwandikie barua pepe siku hiyo hiyo ukirudia alichosema na uombe athibitishe. Miaka mitatu baadaye, wakati wa ukaguzi wa kuhitimu, huenda hayupo tena chuoni.

Mafunzo kazini yanahitaji aya yake. Ili shahada ya uhandisi itambuliwe na Engineers Australia, chama cha wahandisi cha huko, mwanafunzi hutakiwa kuonja kazi halisi. Kiwango kilichozoeleka ni wiki 12 au siku 60. Likizo ndefu ya kiangazi, kutoka mwisho wa Novemba hadi katikati ya Februari, inatoshea wiki 12 kwa shida. Makampuni makubwa huajiri wanafunzi wa kiangazi walio mwaka mmoja kabla ya kuhitimu, na kwa shahada pacha huo ni mwaka wa 4, si wa 3. Ukituma maombi mwisho wa mwaka wa 3 bila kueleza kwamba una miaka miwili mbele, unapoteza barua. Lakini usiache kila kitu hadi likizo ya mwisho, kwa sababu makampuni mengi yanachukua raia na wakazi wa kudumu tu, na mwanafunzi wa kigeni anahitaji likizo mbili za kujaribu. Wiki 6 katika kampuni ndogo mwishoni mwa mwaka wa 3, na 6 mwaka unaofuata, ni mpango salama kuliko wiki 12 za mara moja. Viza inakubana saa 48 za kazi kwa wiki mbili wakati wa masomo. Likizoni huna kikomo, na mafunzo yaliyo sehemu rasmi ya shahada hayahesabiwi humo.

Viza ndiyo inayoufanya ulegevu wa mihula 2 kuwa jambo zito kuliko linavyoonekana kwa mwanafunzi mwenyeji. Uthibitisho wa usajili unaopewa na chuo una tarehe ya mwisho, na viza hufuata tarehe hiyo. Chuo hakiruhusiwi kukuongezea muda kwa kuwa tu umetaka. Kinahitaji sababu nzito iliyoandikwa, kama ugonjwa, kuahirisha kulikokubaliwa, au mpango rasmi wa kumsaidia mwanafunzi aliyebaki nyuma. Ukiongezewa, unaomba viza upya, na ada ya ombi ilipanda hadi dola 1,600 Julai 2024 na 2,000 Julai 2025. Mwenyeji anaweza kupunguza mzigo hadi masomo 3 kwa muhula akapumua. Wewe ukifanya hivyo mihula miwili umeshajidai masomo 2 ambayo lazima uyalipe kiangazi.

Kuhusu kurudi nyumbani, bodi haziangalii wingi wa vyeti. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania na ile ya Kenya husajili kwa shahada ya uhandisi. Fizikia yako haiongezi wala haipunguzi kitu hapo. Hata baada ya kusajiliwa kama mhandisi mhitimu, bado una miaka isiyopungua 3 ya kazi chini ya uangalizi kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu, na Tanzania ina mpango wake maalumu wa mafunzo hayo, SEAP. Australia ni mmoja wa watia saini wa kwanza wa Makubaliano ya Washington ya 1989, na yanayotambuliwa chini yake ni shahada za uhandisi zilizoidhinishwa. Angalia jina sawasawa. Vyuo kadhaa vya Australia vina shahada ya miaka 3 yenye neno uhandisi ndani yake, ambayo hupewa anayetoka mapema au anayeelekea uzamili. Hiyo haimfikishi mtu kwenye ngazi ya mhandisi mtaalamu. Tangu mwaka wa kwanza hifadhi silabasi ya kila somo, yenye saa za mihadhara na maabara, maana ukiombwa miaka 6 baadaye tovuti ya chuo itakuwa imeshabadilika.

Limebaki swali la kuacha, nalo linastahili kuwekwa kwenye mpango tangu siku ya kwanza. Rudi kwenye jedwali letu. Mwisho wa muhula wa 4 umesoma masomo 16, na fizikia za juu ni 2 tu. Ukiiacha sayansi hapo, hizo 2 zinaingia kwenye hiari huria 2 za uhandisi. Una masomo 16 kati ya 32, yamebaki 16, na utahitimu uhandisi kwa miaka 4 kamili bila kupoteza hata krediti moja. Ukingoja hadi mwisho wa muhula wa 6 fizikia za juu ni 4. Mbili zinaingia, mbili zinapotea. Umebakiza masomo 10 na mihula miwili ina nafasi 8, kwa hiyo utalipa kiangazi au muhula wa ziada. Ukiacha uhandisi badala ya sayansi mwisho wa muhula wa 6, hisabati 4, fizikia 6 na nafasi huria 10 zilizojazwa na uhandisi zinakupa 20 kati ya 24, umebakiza fizikia 4 na nusu mwaka, ikiwa chuo kinakubali uhandisi kwenye nafasi hizo zote na fizikia hizo zinafundishwa muhula huo.

Uamuzi wa kuendelea au kuacha unafanywa likizo iliyo kati ya muhula wa 4 na wa 5, ukiwa na matokeo ya ishara na mifumo mkononi. Waliopitwa na likizo hiyo bado wana dirisha dogo, hadi tarehe ya sensa ya muhula wa 5, wiki chache baada ya masomo kuanza: somo likiondolewa kabla ya siku hiyo halilipiwi na halibaki kwenye matokeo. Mwenye viza aende kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kwa sababu kuhama kutoka shahada pacha kwenda moja kunahitaji uthibitisho mpya wa usajili, na nafasi ya fizikia aliyoitoa lazima ijazwe na somo jingine kabla ya sensa hiyo hiyo.